Muuguzi, Mzazi na Lugha ya Wodi ya Watoto

Katika Kiswahili kazi ya kuuguza si ya muuguzi peke yake. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, jirani akimwuliza mbona siku mbili hakuonekana sokoni, hujibu kwa neno moja: "Nauguza." Baba anayeshinda kwenye benchi nje ya wodi, akisubiri kutumwa dawa, naye anauguza. Kitenzi hiki, kinachotokana na kuugua, kilikuwa mali ya ndugu na jamaa kabla hakijapewa wenye sare na cheti. Kazi hiyo ilipokuwa taaluma ya kusomewa, lugha ilichukua neno lile lile la nyumbani ikaunda nomino muuguzi. Nesi na sista ni maneno ya kukopa, nayo yanaendelea kutumika, hasa katika kuitana. Lakini neno rasmi limemweka mtaalamu na mzazi katika kitenzi kimoja. Tunaanza na jambo hili kwa sababu mengi tutakayoyaeleza yanahusu watu wawili wanaomwuguza mtoto mmoja, wote wakisema Kiswahili, na bado wasielewane.

Tunapozungumzia vizuizi vya lugha hospitalini, aghalabu tunamfikiria mgonjwa mgeni asiyejua Kiswahili. Wapo wazazi wa namna hiyo katika Dar es Salaam, na tutawafikia. Lakini mtu akikaa siku chache katika wodi za watoto za viunga vya jiji, iwe upande wa Temeke na Mbagala au upande wa Kinondoni, Mwananyamala na Tandale, ataona kuwa kizuizi kikubwa zaidi ni kingine. Wauguzi na madaktari wamefundishwa kwa Kiingereza. Jalada la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Daktari anapopita asubuhi husimama penye kitanda, husema na wenzake kwa lugha iliyochanganyika, huandika mistari miwili mitatu, kisha huenda kitanda kinachofuata. Mama aliyekuwa akiangalia midomo yao humgeukia muuguzi aliyebaki nyuma, akamwuliza swali ambalo kila muuguzi wa jiji hili amelisikia: "Sista, kasemaje?"

Swali hilo ni dogo, lakini kazi ya kulijibu ni kazi ya istilahi. Katika nusu dakika muuguzi huyo, aliyesimama na trei ya sindano mkononi, anatakiwa kupata maneno ya Kiswahili kwa mambo aliyofundishwa kwa Kiingereza, ayachague yale ambayo mama huyu atayaelewa, na ahakikishe kuwa akishayaelewa atatenda lililo sawa. Sisi tunaokaa mezani na kamusi hupewa miezi kadhaa kwa kazi kama hiyo, na hatupimwi kwa matokeo yake.

Tuchukue neno la kwanza analokutana nalo, homa. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku lina maana zaidi ya moja. Ni joto la mwili kupanda; ni ugonjwa wowote wenye joto hilo; na kwa watu wengi ni malaria yenyewe, au mafua mazito. Waunda istilahi nao wamelitumia kama shina la majina mengi: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo, homa ya ini. Majina haya yameenea na hatuna nia ya kuyaondoa. Lakini yana hatari yake. Muuguzi akimwambia mama, "Homa imeshuka," yeye akikusudia joto lililosomwa kwenye kipimajoto, mama huweza kusikia kuwa ugonjwa umekwisha, na dawa iliyobaki akaiweka juu ya kabati kwa ajili ya mara nyingine. Wauguzi wenye uzoefu wamejitengenezea kanuni bila kungoja mtu: wakisema dalili husema joto, wakisema ugonjwa huutaja kwa jina lake. "Joto limeshuka, lakini malaria bado imo, dawa umalize." Kwa maoni yetu kanuni hiyo yafaa kufuatwa na kila anayefasiri maandishi ya afya.

Neno la pili lina historia ndefu zaidi, nalo ni degedege. Wazee wa pwani hulihusisha na dege, yaani ndege mkubwa anayesemekana kupita usiku juu ya nyumba yenye mtoto mchanga. Mtoto hukakamaa, macho humpinduka, viungo vikatikisika. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya majina ya magonjwa ya homa katika Wilaya ya Bagamoyo, ambayo ni jirani na Kinondoni kwa upande wa kaskazini. Watafiti walikuta kuwa watu waliijua homa ya malaria na waliihusisha na mbu, ila degedege waliliweka mbali nayo. Kwao huo ulikuwa ugonjwa mwingine, wenye asili nyingine na matibabu mengine. Upungufu mkubwa wa damu kwa watoto nao haukuhesabiwa kuwa wa homa ya malaria. Basi tangazo lililosema "Homa ya malaria inazuilika, tumia chandarua" lilikuwa sahihi kwa kila kamusi, na halikugusa hata kidogo lile jambo lililokuwa likiwaua watoto wa malaria kwa haraka kuliko yote. Tangazo lilikuwa limetaja jina moja, na mama alikuwa na majina matatu.

Palikuwa pia na imani, ambayo haijatoweka kabisa, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama mwenye imani hiyo huja hospitali akiwa amechelewa, na akija, sindano ndiyo inayomngoja. Hapo ndipo maneno ya muuguzi yanapopimwa. Akisema, "Hakuna kitu kinaitwa degedege, hii ni malaria," amemwambia mama kuwa aliyoyaona kwa macho yake hayapo, na mama atamtafuta mtu mwingine anayeyaona. Muuguzi mzuri tuliyepata kumsikiliza alisema hivi: "Mama, kweli ni degedege. Degedege hili limeletwa na malaria iliyopanda kichwani. Tutalituliza kwanza, kisha tutaiua malaria iliyolileta." Amelikubali jina na kulipa sababu mpya. Hatujaona katika orodha zetu za istilahi mahali pengine ambapo kazi imefanywa kwa ufundi zaidi ya hapo.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa kuhudumia watoto wagonjwa, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia katika miaka ya 1990, limewataka wahudumu watafute na kutumia maneno ya mahali wanapofanya kazi. Mwongozo huo una dalili nne za hatari za kuulizwa kwa kila mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano: kwamba hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, na amelegea sana au amepoteza fahamu. Ya mwisho ndiyo inayosumbua. Mama wa Mbagala hatasema mtoto wake amepoteza fahamu. Atasema, "Analala tu tangu jana," na atalisema kwa sauti ya kawaida, pengine kwa faraja, maana usiku wa kwanza mtoto alilia mpaka alfajiri. Muuguzi aliyezoea husimama hapo hapo na kuuliza, "Ukimwamsha anakutazama?" Swali hilo halimo katika kamusi yoyote, nalo ndilo tafsiri sahihi ya dalili ya nne.

Sasa tueleze kisa ambacho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Kilitokea katika mojawapo ya vituo vya viunga vya jiji, ambacho hatutakitaja. Mama mmoja alikuwa amepewa dawa ya maji kwa mtoto wake mwenye nimonia, akaelekezwa ampe kijiko kimoja kila saa sita. Baada ya siku nne alirudi, mtoto akihema kwa shida kuliko awali. Jalada lilifunguliwa, na ndani yake ikaandikwa, kwa Kiingereza, kuwa mzazi hakufuata maelekezo. Muuguzi wa zamu hakumkaripia mama huyo. Alimwambia tu, "Mama, nieleze ulivyokuwa ukimpa." Mama akajibu bila kusita: "Kila saa sita, kama mlivyoniambia. Saa sita mchana nampa. Na saa sita usiku naamka nampa."

Alikuwa amefuata maelekezo neno kwa neno. Alikuwa akiamka usiku wa manane asikose hata mara moja. Mtoto alistahili kupata dawa mara nne kwa siku, akawa anapata mara mbili.

Wasomaji wetu wanajua chanzo cha jambo hili. Katika Kiswahili saa ni kipimo cha muda na vilevile ni alama ya wakati katika siku. "Saa sita" ni muda wa kutoka hapa hadi pale, na ni adhuhuri, na ni usiku wa manane. Kwa kuwa siku yetu huhesabiwa tangu macheo, na ya Kiingereza tangu usiku wa manane, muuguzi huyo huyo anayeandika katika karatasi ya dawa kuwa dozi ilitolewa saa 14 anageuka na kumwambia mama kuwa ni saa nane. Amezoea kugeuza saa za kwenye ukuta; ule muda wa katikati ya dozi hakuna aliyemfundisha kuugeuza. Matatizo ni yale yale kwa dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliichukua mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Dozi zake ni sita kwa siku tatu, na ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa tatu asubuhi, akiambiwa "ya pili saa nane," atampa saa nane mchana, baada ya muda wa saa tano tu. Aliyeanza saa kumi jioni ataingoja saa nane ya usiku, ilhali dozi ilipaswa kutolewa saa sita.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Kwa miaka mingi sisi wenye kazi ya kusanifu lugha tumekuwa tukiwasahihisha watu wanaosema "masaa." Tumewaambia kuwa saa haina wingi wa ma-, na tumepiga mistari myekundu katika madaftari ya wanafunzi. Lakini mtu wa Tandika asemapo "kila baada ya masaa sita," hakuna anayeweza kudhani kuwa anataja adhuhuri. Wasemaji wamejitafutia njia ya kutenga muda na wakati, mahali ambapo usanifu wetu uliviacha pamoja. Hatusemi kuwa masaa yaingizwe leo katika vitabu vya shule. Tunasema kuwa anayelikataza neno hilo katika lebo ya dawa anapaswa kutoa jingine lenye kufanya kazi ile ile. Wauguzi wamekwisha kupata njia yao: hawataji muda kabisa. Hutazama saa ya ukutani na kumhesabia mama. "Sasa ni saa tatu. Ya pili umpe saa kumi na moja jioni. Kesho umpe asubuhi na jioni, na keshokutwa vivyo hivyo." Kisha humtaka mama ayarudie mwenyewe. Neno mseto lenyewe, tuseme kwa kupita, ni mfano wa istilahi iliyopata bahati; kila aliyewahi kula mchele uliopikwa pamoja na choroko anaelewa upesi kuwa hizo ni dawa mbili zilizotiwa katika kidonge kimoja.

Turudi kwenye jalada. Muuguzi yule alifanya jambo la pili. Alimfuata daktari akamwomba maneno yale yafutwe, akaeleza kuwa mzazi alifuata maelekezo na kosa lilikuwa katika maelekezo yenyewe. Haikuwa rahisi, maana aliyeyaandika alikuwa mkubwa wake kwa cheo, na foleni ya nje ilikuwa ndefu. Lakini alijua kuwa maneno hayo yakibaki, kila atakayelifungua jalada hilo atamwona mama huyo kuwa mzembe, na atakapokuja tena akilalamika hatasikilizwa. Maneno yakafutwa. Mama mwenyewe hakujua kuwa yalipata kuandikwa.

Tendo hilo ni sehemu ya uuguzi inayotambuliwa duniani kote, na Kiswahili chake bado kinatushughulisha. Uwakili hautufai, kwa kuwa umefungwa mahakamani, na wakili hulipwa na mteja. Kusemea lingekuwa neno zuri, maana ni kusema kwa niaba ya asiyeweza kusema, bahati mbaya watoto wetu wote wanalijua kwa maana ya kushtaki, kama katika "Nitakusemea kwa mwalimu." Utetezi ndilo linalotumika zaidi. Wengine hulilaumu kuwa linaleta picha ya ugomvi, kana kwamba pana mshtakiwa. Kwa upande wetu tunaliona kuwa linatosha, na kisa tulichokieleza ni ushahidi: mama alikuwa ameshtakiwa kweli, tena kwa lugha asiyoijua, na mtu akasimama kumtetea.

Pana mashtaka mengine ambayo huletwa kwa Kiswahili safi. Siku ya kupima uzito, mtoto anapoangukia rangi nyekundu katika kadi ya kliniki, muuguzi huandika utapiamlo. Ni istilahi iliyoundwa vizuri, na imekubalika shuleni na redioni. Lakini masikioni mwa mama neno hilo lina kidole ndani yake. Husikia kuwa amemnyima mtoto chakula. Na nyumbani alikotoka kuna neno kali zaidi linamngoja, kubemenda. Husemwa kuwa mtoto amebemendwa pale mzazi mmoja anapotoka nje ya ndoa, au mama anaposhika mimba, hali mtoto bado ananyonya. Ndipo mtoto hukonda, miguu ikalegea, akaacha hata kutambaa. Mama anayeshukiwa hivyo huficha mtoto. Kliniki haji, au huja akiwa amesindikizwa na mkwewe, na mkwe husema neno hilo mbele ya foleni nzima.

Tumeshuhudia muuguzi akilipokea. Hakucheka wala hakutoa hotuba juu ya imani potofu. Alimsalimu yule mzee kwanza: "Shikamoo, bibi." Akapewa marahaba. "Bibi, umefanya vema kumleta mjukuu. Huyu ana ugonjwa, na ugonjwa wake una dawa. Chakula hiki ni dawa, apewe yeye peke yake, asigawiwe wenzake." Neno utapiamlo hakulitaja, wala kubemenda hakulirudia. Alisema chakula dawa, ambalo ndilo jina la vile vyakula vilivyotengenezwa kwa watoto waliokonda sana, na jina hilo likambadilisha mama kutoka kuwa mshtakiwa hadi kuwa mwuguzaji. Hatujui waliyosemezana huko nyumbani. Lakini wiki iliyofuata walirudi wote wawili, na bibi ndiye aliyembeba mtoto.

Kuna istilahi ambazo sisi wenyewe tumezitoa mezani bila kuzipitisha wodini. Chanya na hasi ni maneno ya hesabu na ya umeme. Tulipoyahamishia kwenye majibu ya maabara tuliwapa wazazi kitendawili, kwani chanya katika matumizi ya leo ni jambo jema. Tumesikia baba akishukuru kwa sauti kuwa kipimo cha mwanawe kimekuwa chanya. Wauguzi husema "malaria imeonekana" au "haikuonekana," na hakuna anayeshukuru mahali pasipostahili. Kipimo nacho ni neno la kuangaliwa, kwa kuwa daktari huagiza kipimo maabara, na dawa nayo ina kipimo chake. Hapo dozi, japo ni la kukopa, linaondoa utata. Dawa ya kuharisha ni tatizo la namna yake: kwa sarufi, kuharisha ni kumfanya mtu ahare, hivyo dawa ya kuharisha ni ile inayoendesha tumbo. Kwa matumizi ya mitaani "mtoto anaharisha" maana yake ni kuwa anahara. Zaidi ya hayo, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na lita moja ya maji haizuii kuhara. Hurudisha maji yaliyopotea mwilini. Mama aliyeambiwa kuwa ni dawa ya kuharisha humnywesha mtoto kutwa nzima, na akiona choo hakikatiki huitupa. Aliyeambiwa "haya ni maji ya kurudisha maji yaliyotoka" huendelea kunywesha, kwa sababu hilo analiona kwa akili yake mwenyewe.

Mfano mmoja zaidi, kwa kuwa unahusu woga. Katika kamusi zetu mahututi ni mgonjwa aliye karibu na kufa. Mzazi akisomewa kuwa mwanawe anahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, amekwisha kupewa msiba. Pametumika pia jina chumba cha uangalizi maalumu, ambalo linasema kazi ya chumba badala ya kutabiri mwisho wa mgonjwa. Tunalipendelea hili, na tungependa lichorwe hata kwenye vibao vya milangoni.

Ama kuhusu karatasi za ridhaa, yatosha kusema kuwa idhini na ridhaa si kitu kimoja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Ridhaa ina radhi ndani yake. Mzazi aliyetia dole gumba ili mtoto atolewe maji ya uti wa mgongo, huku akiamini kuwa atapooza au kufa, ametoa idhini. Ridhaa hupatikana baada ya muuguzi kukaa chini na kumwonyesha kwa kidole, mgongoni mwake mwenyewe, sindano itaingia wapi na kwa nini.

Wazazi wasiojua Kiswahili, au wanaokijua kwa shida, hawakosekani. Jiji hupokea watu kutoka kila pembe: wafugaji wa Kimasai na Kibarabaig walioshuka na familia zao, akina mama wa vijijini waliokuja kwa ndugu baada ya mtoto kuugua, wageni wa nchi jirani. Muuguzi humtafuta mtu wa kabila lile, awe mfagiaji, mama wa kitanda cha tatu au mlinzi wa getini. Mara nyingine ni mtoto mkubwa wa mgonjwa, wa miaka tisa au kumi, anayelazimishwa kumweleza mamaye habari ambazo hata mtu mzima zingemlemea. Hapa tunapenda kukumbusha tofauti ambayo taaluma yetu imeizingatia kwa muda mrefu: mfasiri hushughulika na maandishi na ana nafasi ya kufuta, mkalimani hushughulika na kauli, na kauli ikishatoka imetoka. Mkalimani wa dharura huwa na tabia ya kufupisha. Mama huongea kwa dakika nzima, naye husema, "Anasema mtoto anaumwa." Wauguzi waliozoea humwambia mapema: sema yote, kama alivyosema, usiongeze wala usipunguze. Kwa wazazi viziwi hata msaada huo wa jirani huwa haupo. Chama cha Viziwi Tanzania kimekuwa kikidai wakalimani wa lugha ya alama katika huduma za umma, na wodi ya watoto tungeiweka mbele katika madai hayo. Wakati mwingine asiyejua Kiswahili ni daktari mwenyewe. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikija Tanzania Bara tangu 1968, na kazi ya kuwasemesha na wagonjwa huangukia kwa wauguzi pia.

Nchi hii ilipata kufanya vizuri zaidi ya inavyokumbukwa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mtu aliyetoka kujifunza kusoma angeweza kukifuata. Malaria, kuhara damu, kichocho, yote yalielezwa bila kuomba msaada wa lugha nyingine. Maneno yalichaguliwa kwa ajili ya watu wale waliokuwa wamekaa chini ya mwembe.

Tunachokiomba kwa wafasiri na kwa maofisa wanaotoa vipeperushi ni kidogo. Kabla maandishi ya afya ya watoto hayajapigwa chapa, yapelekwe kwa muuguzi wa wodi ya watoto, asomewe mama mmoja aliye kwenye foleni, kisha mama huyo aulizwe atafanya nini akifika nyumbani. Asiulizwe kama ameelewa, kwa kuwa kila mtu hujibu kuwa ameelewa.

Na kwa walimu na wauguzi wanaotusomea, tuna neno moja ambalo bado hatujatosheka nalo. Mtoto mwenye nimonia kali, akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani badala ya kutoka nje. Ni dalili ya kumkimbiza hospitali usiku huo huo. Vipeperushi vimesema "kifua kubonyea," wengine husema "mbavu zinaingia ndani," na huko Temeke tumesikia "anavuta mbavu." Tungefurahi kuandikiwa mama wa kwenu akimwona mtoto wake katika hali hiyo, kabla hajakutana na mhudumu yeyote, humwambia jirani yake neno gani.